Nilivyokwenda Kumtoa Mwajuma Majini

Mmeniuliza mmoja mmoja, bombani, sokoni na kwenye shughuli, nami nimechoka kueleza vipandevipande, kila mtu akaondoka na kipande chake akakiongezea cha kwake. Kwa hiyo nimemketisha mjukuu wangu Zuhura aandike ninavyosema, asitie neno lake. Sikusoma, lakini maneno yangu yakisomwa mbele yangu nayatambua.

Habari za tiketi na foleni hazina faida kwenu. Jueni sababu tu. Binti yangu wa mwisho, Mwajuma, aliolewa pwani, kusini kidogo ya Bagamoyo, na huu ni mwaka wa saba. Kazi yake huko ni kulima mwani, majani ya baharini ambayo hufungwa kwenye kamba yakakua ndani ya maji, kisha huvunwa, huanikwa, huuzwa na kuliwa. Siku chache kabla ya safari alinipigia simu, na katika kunihadithia mengine likamponyoka hili: kwamba maji ya karibu na ufuko yamekuwa ya moto, mwani unageuka mweupe na kukatika, na kikundi chao kinahamishia mashamba kwenye kina kirefu. Likamponyoka na la pili: kwamba mwenzao mmoja alichukuliwa na maji msimu uliopita.

Nikamuuliza kama anajua kuogelea. Mtoto aliyekulia Ng'ambo, Tabora, angejifunzia wapi kuogelea? Akasema mtandao unakatika.

Haukuwa unakatika. Siku ileile niliamua kwenda kumtoa.

Kutoka Tabora hadi Itigi

Nilifunga dumu la asali ya Sikonge, michembe ya viazi vikavu, karanga, na matobolwa, viazi vilivyochemshwa vikaanikwa, ya kula njiani. Chini kabisa niliweka sanda yangu. Mwanamke wa umri wangu hasafiri mbali bila sanda, asije akawatwisha watu baki kazi ya kumtafutia. Lakini nitasema kweli: nilipoikunja siku ile sikuwa na hakika naikunja kwa ajili ya nani.

Baadhi yenu mnajua kwamba babu yangu mzaa baba alikuwa mpagazi katika ujana wake. Alikwenda pwani kwa miguu, pembe begani, yeye na mdogo wake, na alirudi peke yake. Kwetu habari hiyo haikusimuliwa kwa fahari. Ilisimuliwa kwa mtoto aliyeanza kutamani kwenda mbali. Babu hakueleza mdogo wake alifia wapi wala kwa maradhi gani. Alisema pwani ilimchukua, akaendelea kula. Treni ilipoondoka na kuingia porini, nami nikaona miombo inapita dirishani, nilifikiri kwamba njia ni ileile, na kwamba tofauti yangu na wale wawili ni kiti tu.

Mbele yangu alikaa mama mmoja wa Igunga, jina lake Nyamizi, mnene, mcheshi, aliyekuwa anakwenda Dodoma kwa mwanawe. Tulipofika Itigi nilipekua mzigo hadi chini ili nitoe matobolwa, na kitambaa cheupe kikajitokeza. Nyamizi alikiona. Kicheko kikamwisha. Akaniuliza kwa sauti ya chini ninakwenda kwa nani. Nikamjibu kwamba ninakwenda pwani kwa binti yangu, aliye kwenye maji.

Hakuuliza tena. Alisimama, akawaendea watu wa behewa, akanong'ona hapa, akanong'ona pale, na kabla sijamaliza kutafuna kipande cha pili watu walianza kuja kunipa pole. Mzee mmoja aliomba dua. Mwanamke mwenye kichanga alinishika mkono akalia. Ilinipasa kusema hapo hapo kwamba binti yangu yu hai. Sikusema. Mdomo ulikuwa na matobolwa, na moyo ulikuwa umeshuka, kwa sababu nilijiona nikipokea pole ambayo labda imekuja mapema tu.

Nilipomweleza Nyamizi ukweli, alishika kiuno.

"Bibi, umeniliza mimi na behewa zima bure."

"Sikukutuma ulie," nikamwambia.

"Basi huyo binti aishi miaka mia, maana tumeshamlilia machozi yake yote."

Alicheka. Mimi sikuweza.

Saranda

Saranda treni ilisimama, nasi tukadhani ni kwa ajili ya kuku. Mnajua kuku wa Saranda: wanakuja juu ya masinia hadi madirishani, wamebanikwa na pilipili. Tukala. Mifupa ikaisha, treni haikutikisika. Mvua ilikuwa imenyesha mbele yetu, maji yamefunika reli, na hatukujua yatapungua lini. Tulikaa pale kutwa nzima.

Katika kukaa huko nikazungumza na yule mzee aliyeniombea dua. Alikuwa mtu wa Nzega, na katika ujana wake alifanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya pwani. Aliniambia kwamba bahari huondoka kila siku na kurudi kila siku. Nikamwambia kwamba maji ninayoyafahamu mimi yakiondoka yameondoka. Kwetu mto ukikauka tunachimba mchanga na tunangoja Mungu alete masika.

"Bi mkubwa," akasema, "yale hayangoji masika. Yanarudi mchana huohuo, na hayapigi hodi."

Nilimwona kuwa mtu wa maneno mengi. Hata hivyo, kila nilipoyatazama maji ya mvua yaliyotuama kando ya reli, nilitafuta kuona kama yanasogea.

Dodoma hadi Chalinze

Tulifikishwa Dodoma, na huko tukaambiwa kwamba mbele hakupitiki kwa treni. Nyamizi aliagana nami na kunikatia kipande cha khanga yake nifungie asali, maana dumu lilianza kuvuja. Nikapanda basi.

Basi lina mwendo ambao binadamu hakuumbiwa. Nilishika kiti cha mbele tangu Dodoma hadi Morogoro. Mito tuliyoivuka ilikuwa imejaa maji mekundu, na kila daraja nilifumba macho. Utingo, kijana mwenye adabu ya wastani, alinihakikishia kwamba tukifika Chalinze ataniambia niteremke, nibadilishe gari la kupitia Msata. Alisahau. Mimi siwezi kusoma vibao, na sikutaka abiria wenzangu walijue hilo, kwa hiyo nilikaa na heshima yangu nikiitazama Chalinze ikipita bila kuijua. Nilipouliza, tulikuwa tumeiacha mbali. Walinishusha kando ya barabara na mizigo yangu, nikangoja gari la kurudi, jua kichwani. Kosa lilikuwa langu kama lilivyokuwa lake. Aibu imewapotosha watu wengi kuliko giza. Na pale kando ya barabara, kila dakika iliyopita niliihesabu kwamba Mwajuma yumo majini, nami nimekaa juu ya dumu la asali.

Ufukoni

Niliisikia bahari kabla ya kuiona. Nilidhani ni mashine ya kusaga.

Mwajuma alinipokea stendi. Amekuwa mweusi zaidi, mabega yamepanuka, viganja vina mikato midogo midogo ya kamba. Nilimshika mkono nikahesabu vidole vyake kama alipozaliwa. Nyumbani alinifungulia mzigo ili ayatoe yaliyo yake, akaikuta sanda. Akaikunja upya, akairudisha chini.

Chakula cha kwanza kilikuwa wali, samaki, na bakuli la kitu kama utumbo wa kuku uliokatwakatwa, wa kijani, ndani ya vitunguu na ndimu. Nikauliza. Akasema ni mwani. Nikauliza kama ni halali. Akacheka, akasema hauna damu wala hauna kwato, kwa hiyo nile. Niliweka kidogo ulimini. Ni kitu cha kutafuna kinacholia mdomoni, chenye chumvi yake yenyewe. Walinieleza kwamba huko husagwa ukatiwa kwenye uji wa watoto, na hupikwa juisi, na haudai mbolea wala maji ya mvua wala kufyeka msitu. Nilisikiliza yote hayo. Lakini nilikuwa nakula kitu ambacho kwa ajili yake mwanangu anaingia ndani ya bahari, na kila nilipomeza nilihisi kama ninakubali.

Hapa lazima niwaeleze kuhusu mkwe wangu, ingawa ninyi mnaijua desturi yetu. Mama mkwe na mkwe mwanamume hawatazamani usoni, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja hupisha. Watu wa pwani hawana habari hiyo; wao hukaa na mama wakwe zao wakitaniana. Lakini Mwajuma alikuwa amemfunza mumewe, naye alishika mafunzo kwa uaminifu kuliko hata vijana wetu wa sasa. Tangu nilipofika alikuwa anatokea mlango wa nyuma. Akitaka kunisalimu, alisimama nyuma ya ukuta akakohoa, akasema shikamoo, nami nikaitikia marahaba nikiwa nimeutazama ukuta. Nilimheshimu kwa hilo. Desturi hiyo nusura inizike.

Kwenye fungu

Siku ya tatu nilisema nataka kuliona shamba, nijue ni kitu gani ninamtoa humo. Tulikwenda asubuhi, na nilipofika ufukoni nikakuta bahari haipo. Mahali ilipokuwa jana palikuwa mchanga, mchanga hadi mwisho wa macho, na wanawake wameinama humo kwa mistari, kama watu wanaopalilia karanga. Vigingi vimesimama wima, kamba zimefungwa kutoka kigingi hadi kigingi, na mwani unaning'inia kwenye kamba. Mbali zaidi, palipobaki maji, yalielea madumu matupu yanayoshika kamba za shamba jipya la kina kirefu. Huko ndiko Mwajuma alikokuwa anakwenda.

Kiongozi wao, Bi Tatu, mwanamke mrefu mwenye sauti kali, aliwaambia wenzake kwamba mama ametoka Tabora kuja kukagua kama tunalima au tunachezea maji, basi fungeni kamba vizuri msije mkaaibika. Wakacheka. Mwajuma alinikalisha juu ya fungu la mchanga lililoinuka, akanipa mwavuli, akasema akiniita niende upande wa nchi kavu mara moja, nisingoje. Nikamjibu kwamba mimi si mtoto.

Nilikaa nikitazama mbele. Niliamini kwamba bahari ikirudi itarudi kutoka ilikokwenda, nami nitaiona inakuja. Sikujua kwamba maji hurudi kwa kupita penye mabonde kwanza, yakamzunguka mtu kwa nyuma.

Nikamwona mkwe wangu akija kutoka upande wa nchi kavu, anavuta mtumbwi mdogo kwa kamba. Alikuwa anakuja kwangu moja kwa moja. Nikafanya nililofunzwa na mama yangu: nikainuka, nikajifunika khanga usoni, nikampisha. Yeye akaharakisha. Nami nikaharakisha. Alipokata kushoto, mimi nilikata kulia, na kila hatua niliyopiga ilikuwa inashuka. Nikahisi maji kwenye vifundo vya miguu. Nikadhani ni dimbwi.

Ndipo aliposimama, kwa sababu aliona kwamba ni yeye anayenisukumia baharini. Akanigeuzia mgongo. Akaishika ile kamba ya mtumbwi mbele ya uso wake, akaisemesha kwa sauti kubwa.

"Wewe kamba, mwambie mama maji yamekwisha pita nyuma yake. Mwambie asimame hapo hapo. Mbele yake kuna mkondo."

Nami, Mungu anisamehe, maji yakiwa magotini, nilimjibu kwa heshima ileile.

"Wewe mwavuli, mwambie baba nimesikia. Mwambie aondoke njiani nipite."

"Kamba, mwambie mama njia haipo tena."

Nikageuka. Lile fungu nililokalia lilikuwa limebaki ukubwa wa mkeka, na kati yangu na nchi kavu kulikuwa na maji yanayokwenda mbio kama mto wa masika. Hofu niliyoipata siwezi kuipamba. Nilitafuta shahada mdomoni, nikapata nusu yake.

Kisha nikamsikia Mwajuma akiniita mama kwa Kinyamwezi, "Mayu," nikatazama upande wa kina kirefu, nikaona kichwa chake tu. Kichwa peke yake juu ya maji, kinazama, kinaibuka. Hapo nilisahau mkwe, nikasahau desturi, nikasahau kwamba mimi ndiye niliyezungukwa. Niliona jambo moja: mwanangu anazama, na anazama kwa sababu yangu. Nikapiga hatua kumfuata. Chini hapakuwa na kitu.

Maji ya chumvi yaliniingia puani. Sijui nilikaa humo muda gani; wao wanasema ni mfupi. Kilichofuata ni mkono chini ya shingo yangu na sauti sikioni.

"Lala, mama. Lala chali kama uko kitandani. Usinishike. Mimi ndiye nakushika."

Mwajuma alikuwa amefunga madumu mawili matupu kiunoni. Moja alinipa nilikumbatie. Alikuwa anapumua taratibu, miguu yake inafanya kazi nisiyoiona, na akanivuta hadi kwenye kamba ya shamba, akaniwekea mkono wangu juu yake. Niliishika kamba ile huku mwani unanigusa miguu, nami nikapiga kelele kila uliponigusa. Mkwe wangu akauleta mtumbwi kinyumenyume. Bi Tatu aliyekuwa amefika kwa upande wa pili akanisukuma ndani kama gunia, bila kuniomba radhi. Tukaenda nchi kavu, mkwe wangu amesimama mbele na upondo wake wa kusukumia, hakugeuka hata mara moja, nami nimekaa nyuma yake, kichwa wazi, khanga yangu imekwenda na maji.

Kurudi

Nililala siku nzima. Nilipoamka nilimwita Mwajuma, nikamuuliza nani alimfundisha yale. Akanyoosha kidevu kuelekea mlango wa nyuma. Alisema baada ya mwenzao kufa, mumewe aliwaingiza majini wanawake wote wa kikundi mmoja mmoja, na waliokataa hawakuruhusiwa kwenda shamba la kina kirefu.

"Funga mizigo yako," nikamwambia. "Tunarudi wote Tabora."

"Siendi, mama."

"Nimekwambia funga."

"Bati zilizo juu ya kichwa chako kule Ng'ambo zimetoka humu baharini. Na wanangu wamelelewa na humu. Siendi."

Nilitaka kumkemea kama nilivyozoea. Badala yake nikamuuliza kama haogopi.

"Naogopa kila ninapoingia," akasema. "Yule mwenzetu ndiye alikuwa haogopi."

Nilikaa wiki moja zaidi. Nikarudi peke yangu, kwa njia ileile, na gunia la mwani mkavu. Wale mliokula kachumbari yangu kwenye shughuli ya juzi mkaisifu, mkauliza ni mboga gani, sasa mmejua. Hakuna aliyekufa.

Mnasema nimerudi nimepungua, na kwamba siku nyingine nakuwa mkali bila sababu. Sababu ipo. Kabla sijaondoka Bi Tatu alinieleza kwamba bahari hufuata mwezi: unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa mbali kabisa na kurudi kwa nguvu kuliko siku zote, na siku hizohizo ndizo za kazi, kwa sababu shamba lote linafikika. Jana magharibi nilisimama uani nikauona mwezi mwembamba juu ya paa la jirani. Ninyi mliuona mkapeana habari. Mimi nilihesabu.

Sasa hivi, Zuhura anapoandika haya, ni saa nne asubuhi. Maji yanaendelea kupwa, na Mwajuma anayafuata. Saa tano yatageuka. Saa saba, akishatoka, hunipigia. Zuhura, weka kalamu, uilete simu hapa karibu yangu, na mtu yeyote akibisha hodi mwambie arudi baadaye.